Ngoma Iliyofungwa na Ngoma Iliyofunguliwa: Visa vya Mashujaa katika Dansi ya Kisasa ya Kongo

1.0 Utangulizi

Mudaka ni kituo cha soko kilichoko kaskazini mwa Bukavu, katika eneo la Kabare, kando ya barabara ya taifa namba 2 iendayo Kavumu, Katana na hatimaye Goma. Wenyeji wake ni Bashi. Lugha yao ni Mashi, na lugha inayowaunganisha na wachuuzi na wapita njia ni Kiswahili. Mahali hapa huenda pasionekane kuwa ndipo pa kuanzia uhakiki wa dansi ya kisasa. Hata hivyo, katika barabara hiyohiyo, ukishapita Kavumu, kuna Lwiro, ambako Wabelgiji walijenga makao ya taasisi yao ya utafiti wa kisayansi ya Afrika ya Kati, IRSAC, iliyoundwa mwaka 1947. Miongoni mwa watafiti wa taasisi hiyo alikuwamo Daniel Biebuyck, ambaye mwaka 1956 alihifadhi kwa maandishi utendi wa Mwindo wa watu wa Nyanga. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1950, Mmarekani Alan Merriam alirekodi na kuchambua muziki wa Bashi wenyewe. Mmoja aliondoka na maneno, mwingine aliondoka na sauti. Kitu ambacho hakikuweza kubebwa na daftari wala mashine za wakati ule kilikuwa ni mwili unaocheza.

Pengo hilo ndilo linalomkabili kila mtunzi wa dansi anayetaka kupandisha jukwaani visa vya jadi. Analikuta simulizi kitabuni, lakini uchezaji wake haumo. Afanye nini? Abuni hatua mpya? Akusanye hatua za vijijini na kuzipanga upya? Au awaite wale waliowahi kucheza na kuwaachia waseme?

Kabla ya kuendelea, inafaa kutofautisha istilahi mbili. Neno "ngoma" katika Kiswahili lina maana tatu zinazoshikamana: ala inayopigwa, uchezaji wenyewe, na tukio zima linalowakusanya watu. "Dansi ya kisasa" katika makala haya ni uchezaji uliotungwa na mtu anayejulikana kwa jina, kwa ajili ya jukwaa na hadhira iliyoketi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kigezo cha kupimia dansi inayotokana na visa vya jadi si usafi wa hatua wala uzuri wa maleba, bali ni iwapo dansi hiyo inaweza kujibiwa na wale ambao kisa ni chao. Kwa kigezo hicho zitapimwa kazi mbili za Kongo zinazofuatana kama baba na mwana: maonyesho ya Lianja ya Ballet ya Taifa ya Zaire iliyoundwa mwaka 1974, na kazi ya Faustin Linyekula iitwayo Histoire(s) du théâtre II ya mwaka 2019.

2.0 Mwindo: Utendi Uliochezwa

Fanani aliyemsimulia Mwindo kwa Biebuyck aliitwa Shekarisi Rureke. Utendi wake ulichapishwa mwaka 1969 katika kitabu kilichoandaliwa na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mwanaisimu ambaye mwenyewe ni Mnyanga. Kwa muda wa siku kumi na mbili Rureke aliimba, alisimulia, aliigiza na kucheza, huku vijana wakimpigia mdundo kwa vijiti na hadhira ikiitikia nyimbo. Katikati ya kisa aliweza kujitaja yeye mwenyewe, kuwasemesha waliokuwapo na kupokea zawadi zao.

Kuna jambo moja ambalo wahakiki wengi hulipita upesi. Kwa desturi fanani wa Kinyanga hakuwa na kawaida ya kutoa utendi wote kwa mfululizo. Alitoa sehemu hii leo, sehemu nyingine siku nyingine, kadiri alivyoombwa. Utendi mzima, wenye mwanzo na mwisho, ulipatikana kwa sababu mtafiti aliuomba. Kwa hiyo hata kile kinachoitwa "asili" kilikuwa tayari onyesho maalumu lililofanywa kwa ombi la mgeni. Anayewashutumu watunzi wa leo kwa kuharibu asili hana budi kukumbuka kwamba asili anayoijua yeye ni kitabu, na kitabu hicho ni zao la mapatano kati ya fanani, wapiga mdundo, hadhira na waandishi.

Kisa chenyewe kinajulikana. Shemwindo, mwami wa kijiji cha Tubondo, anawakataza wake zake kuzaa watoto wa kiume. Nyamwindo, mke wake kipenzi, anamzaa Mwindo, mtoto atembeaye na kusema tangu siku ya kuzaliwa, akiwa ameshika mkononi conga, yaani usinga wenye nguvu. Baba anajaribu kumwua, anashindwa; hatimaye anamfungia ndani ya ngoma na kuamuru itupwe mtoni. Ngoma haizami. Inasafiri majini huku mtoto akiimba ndani yake kwamba anakwenda kwa shangazi yake Iyangura. Shangazi anaichana ngozi ya ngoma, na mtoto anatoka. Baadaye Mwindo anamfuata baba yake hadi kuzimu, anamrudisha, na baba anakiri makosa yake mbele ya baraza. Wanasameheana na kugawana nchi.

Lakini utendi hauishii kwenye ushindi. Mwindo anamwua joka Kirimu, ambaye ni rafiki wa Nkuba, yaani Radi. Nkuba anamchukua shujaa huyo mwenye majivuno hadi mbinguni, na huko anateswa kwa baridi, mvua na jua mpaka ajifunze unyenyekevu. Anarudi kwa watu wake akiwa mtawala mwenye amri za upole. Shujaa wa Kinyanga, basi, hukamilika pale anapoonywa, na wala si pale anaposhinda. Jambo hili lina uzito mkubwa kwa dansi, kwa kuwa kumchezesha shujaa akishinda ni rahisi: ngoma zinapanda, miguu inapiga ardhi, watu wanashangilia. Kumchezesha shujaa akionywa ni kazi ngumu zaidi, na mtunzi anayeiacha sehemu hiyo amelibadilisha simulizi hata kama hatua zake zote ni za jadi.

3.0 Lianja na Dola

Mfano mkubwa wa kumchezesha shujaa kwa ajili ya ushindi ulitokea Kinshasa. Mwaka 1971 nchi ilipewa jina la Zaire, na mwaka uliofuata raia walitakiwa kuacha majina ya Kikristo na kuchukua ya Kiafrika. Katika siasa hiyo ya "uhalisia" wa Kizaire, ngoma ilipewa kazi. Wanafunzi, wafanyakazi na wanavijiji walipangwa katika vikundi vya kumsifu Rais Mobutu kwa nyimbo na uchezaji. Katika mazingira hayo ndipo ilipoundwa Ballet ya Taifa mwaka 1974, iliyokusanya wachezaji kutoka pande mbalimbali za nchi. Moja ya kazi zake za mwanzo, na iliyoipa sifa, ilikuwa Utendi wa Lianja.

Lianja ni shujaa wa Wamongo wa bonde la mto Kongo. Anazaliwa kwa miujiza pamoja na pacha wake wa kike, Nsongo. Analipiza kisasi cha kifo cha baba yao, kisha anawaongoza watu wake katika safari ndefu msituni. Padri Edmond Boelaert aliuchapisha utendi huo mwaka 1949 na kuuita utendi wa taifa wa Wankundo, mojawapo ya makundi ya Wamongo. Neno hilo "taifa" lilihama kwa urahisi. Miaka ishirini na mitano baadaye, kisa cha kundi moja kilifanywa kuwa kisa cha nchi nzima, na kiongozi wa safari jukwaani aliweza kusomwa na kila mtazamaji kuwa ndiye kiongozi aliyeko ikulu.

Si haki kuidharau kazi hiyo. Wachezaji wake walikuwa mabingwa, na kwa Wazaire wengi ilikuwa mara ya kwanza kuiona ngoma ya kijijini ikipewa heshima ya jukwaa kubwa ambalo wakati wa ukoloni lilitengwa kwa sanaa za Ulaya. Kasoro yake iko mahali pengine. Fanani wa kijijini akikosea, wazee humrekebisha, akichosha, watu huondoka, akifurahisha, hutuzwa. Katika ballet ya dola, mrekebishaji alikuwa ni dola peke yake. Wamongo hawakuwa na nafasi ya kusema, "Lianja wetu hakuwa hivyo." Wachezaji nao hawakuwa na nafasi ya kujitaja, kama Rureke alivyojitaja, na kusema wamechoka au wanataka ujira wao. Kwa taswira ya utendi wa Mwindo, ilikuwa ngoma nzuri iliyofungiwa mtu ndani. Iliimba, lakini aliyeimba hakuonekana.

4.0 Linyekula: Shangazi Anayeichana Ngozi

Faustin Linyekula alizaliwa Ubundu, karibu na Kisangani, mwaka uleule wa 1974. Njia yake ya kuingia katika dansi ilipitia Afrika ya Mashariki: akiwa Nairobi alishirikiana na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen kuanzisha kundi la Gàara mwaka 1997, ambalo huhesabiwa kuwa kundi la kwanza la dansi ya kisasa nchini Kenya. Mwaka 2001 alianzisha Studios Kabako mjini Kinshasa, kisha mwaka 2006 akahamishia kazi zake Kisangani. Uamuzi huo wa kuhama si jambo dogo. Wasanii wengi wa Kongo hutoka mkoani kwenda Kinshasa na kutoka Kinshasa kwenda Ulaya. Yeye, ambaye tayari alijulikana Ulaya, alirudi mkoani.

Histoire(s) du théâtre II ilionyeshwa katika tamasha la Avignon, Ufaransa, mwaka 2019, ikiwa ya pili katika mfululizo ulioanzishwa na Milo Rau na ukumbi wa NTGent wa Ubelgiji. Badala ya kutunga Lianja mpya, Linyekula aliwatafuta waliokuwa wachezaji wa Ballet ya Taifa: Wawina Lifeteke, Marie-Jeanne Ndjoku Masula na Ikondongo Mukoko. Watu hao, ambao sasa ni wazee, wanasimulia kumbukumbu zao na kuzirudia sehemu za dansi waliyoicheza ujanani. Jina la kazi linatangaza historia ya sanaa za maonyesho, na jibu linalotolewa ni kwamba historia hiyo kwa Kongo haimo maktabani. Imo magotini na mabegani mwa watu walioachwa na dola baada ya kutumiwa.

Nguvu ya kazi hii inatokana na kutolingana kwa vitu viwili. Hatua zilezile zilizotungwa ili kuonyesha taifa changa, lenye nguvu na umoja, zinachezwa na mwili uliozeeka katika nchi ambayo haiitwi tena Zaire tangu 1997. Mtazamaji anaona hatua na pia anaona umbali uliopita tangu hatua hizo zitungwe. Aidha, mchezaji anarudishiwa kile alichonyimwa mwaka 1974, yaani haki ya kusema "mimi" katikati ya utendi. Hapa Linyekula, pengine bila kukusudia, anamkaribia Rureke kuliko Ballet ya Taifa ilivyowahi kumkaribia fanani yeyote wa kijijini. Hakuiga hatua za fanani. Amerejesha nafasi yake.

Hata hivyo, kazi hii ina upungufu ambao hauwezi kufichwa na sifa hizo. Kwanza, Lianja mwenyewe amefifia. Anakuwa alama ya dola ya Mobutu, na kinachohakikiwa ni matumizi ya utendi wala si utendi. Mtu asiyemjua Lianja ataondoka akimjua Mobutu zaidi. Pili, kazi imetungwa na kuonyeshwa katika mzunguko wa kumbi za Ulaya. Mwenye haki ya kujibu hayumo ukumbini. Watazamaji wa Avignon wanaweza kupiga makofi, lakini hawawezi kumsahihisha Wawina Lifeteke. Ngoma imefunguliwa na aliyefungiwa amesema; lakini amesema mbele ya wageni.

Inafaa kutaja kwamba Linyekula analijua tatizo hili. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 2017, alitunga Banataba kwa mwaliko wa jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York, ambako alikutana na sanamu ya Walengola, watu wa upande wa mama yake. Alilazimika kusafiri hadi kijiji cha Banataba ili aone kile ambacho makumbusho hayawezi kusema kuhusu sanamu hiyo. Ndani ya kazi zake, basi, safari ya kwenda kwa mwenye kisa ipo. Kisichoonekana waziwazi ni safari ya kurudisha onyesho lililokamilika kwa mwenye kisa huyo ili ahukumu.

5.0 Mfano wa Mbali: Wanavajo

Tatizo hili si la Kongo peke yake. Waasisi wa dansi ya kisasa ya Marekani, kama Ted Shawn na Martha Graham, walivutiwa na ibada za wenyeji wa Kusini Magharibi mwa nchi yao. Graham alitunga Primitive Mysteries mwaka 1931 baada ya kuziona ibada za New Mexico. Katika eneo hilo pana wanaishi pia Wanavajo, ambao hujiita Diné, na ambao mfano wao unafaa kulinganishwa na wa Kivu.

Wanavajo wana kisa cha mapacha wawili, wana wa Jua, wanaosafiri kumtafuta baba yao. Baba anawajaribu kwa mateso kabla ya kuwakubali, kisha anawapa silaha za kuwaua majitu. Msomaji wa Mwindo hawezi kukosa kuona ufanano: baba mkali, mtoto anayejaribiwa, safari inayovuka tabaka za ulimwengu. Lakini kinachofundisha zaidi ni masharti. Ibada yao ya Njia ya Usiku, yenye wachezaji waliovaa vinyago, huchukua usiku tisa, hufanywa majira ya baridi tu, na hufanywa kwa ajili ya mgonjwa. Michoro ya mchanga inayochorwa katika ibada hufutwa baada ya kutumika.

Mtunzi wa dansi anayechukua hatua za ibada kama hiyo na kuzionyesha wakati wowote, kwa yeyote, bila mgonjwa, amechukua umbo na kuacha sababu. Kwa Wanavajo uchezaji huo una mtu anayeungoja apone. Hiyo nayo ni namna ya kujibiwa: ngoma hupimwa kwa afya ya mtu aliyekaa katikati yake. Ulinganisho huu unaonyesha kwamba suala la idhini si wivu wa wenyeji juu ya mali yao. Ni suala la maana ya kazi yenyewe.

6.0 Mudaka, Majirani na Kiswahili

Tuseme kikundi cha vijana wa Mudaka kinataka kumtungia dansi Mwindo. Ni rahisi kudhani kwamba, kwa kuwa ni vijana wa Kivu, kisa ni chao. Lakini Mwindo ni wa Wanyanga wa upande wa Walikale, Kivu ya Kaskazini. Vijana hao ni Bashi, wenye jadi yao ya masimulizi na nyimbo zinazosindikizwa na lulanga, zeze la Kishi. Wao nao watakuwa wanaazima. Uazimaji, kwa hiyo, si dhambi ya wazungu peke yao, wala ujirani si hati ya kumiliki.

Hapa ndipo Kiswahili kinapopata dhima ambayo wataalamu wa lugha hawajaizingatia vya kutosha. Mshi na Mnyanga wakikutana, lugha watakayotumia kuulizana kuhusu Mwindo ni Kiswahili. Katika dansi ya dola lugha ya sifa ilikuwa hasa Kilingala. Katika kumbi za Avignon lugha ya maelezo ni Kifaransa. Hakuna kati ya hizo inayomwezesha mzee wa Walikale kukaa sokoni Mudaka, kutazama onyesho na kusema, "Hapo mmekosea, Iyangura hakufanya hivyo." Kiswahili cha Kivu, ambacho mara nyingi hudharauliwa na wenye kupenda lugha sanifu, kinaweza kuwa lugha ya jibu hilo. Katiba ya mwaka 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa za Kongo. Kukitambua katika katiba ni jambo moja. Kukipa nafasi ndani ya ngoma ili hadhira iweze kujibu ni jambo jingine.

Uchaguzi wa sehemu ya kuchezwa nao hauwezi kuwa wa bahati nasibu. Mwezi Februari 2025 wapiganaji wa M23 waliuteka uwanja wa ndege wa Kavumu na kuingia Bukavu, na barabara ipitayo Mudaka ndiyo waliyoifuata. Mbele ya hadhira iliyoyaona hayo, shujaa anayewasili na silaha yake ya ajabu na kuviangamiza vijiji si pambo la jadi. Atatazamwa kwa macho yaliyokwisha kuona. Mtunzi atakayeishia kwenye ushindi wa Mwindo, kama Ballet ya Taifa ilivyoishia kwenye uongozi wa Lianja, atakuwa ameiambia hadhira hiyo jambo ambalo utendi haukusema. Atakayefika mpaka mbinguni kwa Nkuba, shujaa akitetemeka kwa baridi, na mpaka barazani, baba akikiri, atakuwa amewapa watu kitu cha kuzungumza wakirudi nyumbani.

7.0 Hitimisho

Kazi mbili zilizohakikiwa zinaonyesha hatua mbili za historia moja. Ballet ya Taifa ililipa simulizi mwili lakini ikaunyima mwili huo sauti. Linyekula ameurudishia mwili sauti yake, na kwa hilo Histoire(s) du théâtre II inastahili kuhesabiwa miongoni mwa kazi muhimu za jukwaa zilizotungwa na Mkongo katika karne hii. Hatua ya tatu bado haijapigwa, nayo ni kuipeleka sauti hiyo mbele ya wale wanaoweza kuikatiza.

Rureke alicheza kwa siku kumi na mbili mbele ya watu waliomjua, walioitikia nyimbo zake na kumtuza. Kitabu kilibaki na maneno yake. Mtunzi wa dansi hawezi kuufufua uchezaji wake, na hana haja ya kujifanya ameufufua. Anachoweza kukirejesha ni duara la watu waliomzunguka, wenye haki ya kuitikia na ya kukataa. Duara hilo halihitaji ukumbi wa gharama. Uwanja wa soko, siku isiyo ya soko, unatosha.